Mkwe Aliyetumwa Dukani

Mwaka wa hamsini na nne Mbalizi ilikuwa bado mahali pa kupitia tu: maduka manne ya bati, mashine moja ya kusaga, na barabara ya vumbi iendayo Tunduma. Mahali padogo namna ile habari haichelewi. Siku Ikupa alipomtuma baba mkwe wake dukani kununua chumvi, mzee alipofika dukani alikuta habari imeshatangulia, imeketi, na imepewa kiti.

"Ikupa gani?"

"Mke wa Ezekia, yule fundi wa magari aliyeko Iringa."

"Amemtuma nani?"

"Mkwe wake! Mzee Asukile mwenyewe, na fimbo yake."

"Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni," akasema mwenye duka, akapima chumvi huku akitikisa kichwa.

Si kwamba watu wale walikuwa wambea kupita kiasi, ingawa walikuwa wambea. Walikuwa Wanyakyusa waliohamia huku kutoka Rungwe, na Mnyakyusa wa siku zile alikuwa na sheria moja ambayo hata misheni haikuweza kuifuta kabisa: mke wa mwana hamwoni baba mkwe. Wala si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Akimwona anakuja, anaacha njia, anaingia majanini na kufunika uso kwa kanga mpaka mzee apite. Haingii nyumbani mwake, hali naye, hasemi naye. Wachungaji walihubiri kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, watu wakaitikia amina, na wakirudi nyumbani wakaacha njia vilevile. Ikupa alilelewa na bibi yake, mwanamke wa kale hasa, na adabu ile ilikuwa imemwingia mpaka mifupani.

Sasa mwanamke kama huyo amtume mkwe chumvi! Ili jambo hilo lieleweke, inabidi kurudi nyuma kidogo.

Mzee Asukile alikuja kukaa kwa mwanawe mwaka wa hamsini, baada ya kufiwa na mkewe, Tusekile. Alikuwa anakaribia miaka sabini. Alijijengea kibanda chake chini ya migomba, hatua sitini kutoka nyumba kubwa, akakataa kusaidiwa hata kukandika udongo. Mwaka huohuo Ezekia akapata kazi katika karakana moja ya malori kule Iringa, akawa anarudi mara mbili kwa mwaka. Basi wakabaki watu wawili wasiopaswa kuonana, katika uwanja mmoja, na watoto watatu katikati.

Mtu mwingine angesema haiwezekani. Wao waliiweza kwa miaka mitatu, tena bila kugombana hata siku moja, kwani mtagombanaje na mtu msiyesema naye? Chakula kikiiva, Ikupa alikiweka juu ya gogo mpakani mwa migomba, akagonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko, kisha akaondoka. Mzee akitaka kupita uwanjani alikohoa mara mbili, na Ikupa akaingia jikoni. Kikohozi kimoja maana yake ameshiba, asante. Kugonga mfuniko haraka haraka maana yake mvua inakuja, anua kahawa yako. Walielewana kuliko wanandoa wengi wanaolala kitanda kimoja.

Na hapo ndipo palipokuwa na siri ya afya ya mzee. Uwanja ni wa mwanamke. Anafagia, anatwanga, anaanika. Mkwe akikaa pale siku nzima, atafanya kazi saa ngapi? Kwa hiyo Asukile alikuwa anaondoka na umande. Anakwenda kuangalia kahawa yake, anashuka mtoni, anapanda kilimani kumjulia hali Msafwa mmoja mfuga nyuki, anateremka sokoni kusikiliza bei za vitu asivyovinunua. Jua likianza kushuka ndipo anarudi, anakohoa mara mbili. Wazee wenzake walikuwa wanalalamika magoti na mgongo, na walimwuliza anakunywa mizizi gani.

"Dawa yangu ni mkwe wangu," alikuwa akiwajibu. "Yeye nafukuza mimi kila asubuhi, lakini kwa heshima."

Halafu ikaja Julai ya hamsini na tatu. Wanaoijua Mbeya wanaijua baridi ya Julai, lakini ile ya mwaka huo ilibabua hata majani ya migomba. Jumapili moja majirani wote walikuwa kanisani. Ikupa alibaki nyumbani kwa sababu mtoto mchanga alikuwa na mafua. Alipika uji wa ulezi, akauweka juu ya gogo, akagonga mfuniko. Kimya. Akagonga tena. Akagonga mara ya tatu kwa nguvu mpaka mtoto akaamka akalia, na kule migombani hakuna aliyekohoa.

Aliutazama ule uji mpaka mvuke ukaisha. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akavuka gogo. Alitembea hatua zile zote kama mtu anayekwenda kuiba. Mlangoni akasikia pumzi ya mzee, inakoroma na kukatika. Bibi yake alikuwa amemfundisha kwamba mwanamke anayeingia kwa mkwe wake hujiletea mkosi, huenda asizae tena, huenda watoto alionao wakaugua. Na mtoto wake alikuwa anaumwa mafua wakati uleule. Alisimama pale akilia kwa hofu, akamwita Mungu kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili, halafu akasukuma mlango.

Mzee alikuwa sakafuni kando ya moto uliozimika, anawaka homa. Kichomi. Blanketi lake lilikuwa limelowa jasho. Ikupa akavua kanga aliyojifunika kichwani, akamfunika nayo.

"Taata," akasema, yaani baba. "Ni mimi."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mkwe wake tangu aolewe. Na mzee, pamoja na homa yote ile, akageuzia uso wake ukutani ili asimwone. Angekufa, lakini angekufa na adabu.

Hakufa. Ikupa alikimbia barabarani kichwa wazi, akawakuta wanaume wanatoka kanisani, wakafunga machela, wakampeleka mzee Mbeya. Alikaa hospitali wiki mbili na nusu, akachomwa sindano mpaka akasema hana tena mahali pa kukalia.

Aliporudi, mambo yote yalikuwa yamebadilika. Kilichokwisha kuonwa hakiwezi kurudishwa kisionwe. Mzee wa kanisa, Jailos, mtu mwenye sauti nene na nia njema, alikuja akashukuru kwamba Mungu mwenyewe ameivunja ile mila, na sasa baba atakaa nyumba kubwa kama baba wa kikristo. Ezekia akatuma kutoka Iringa kiti cha uvivu, kile cha turubai cha kujilaza, na blanketi nene jekundu. Mzee akawekwa karibu na jiko. Ndiyo, akawekwa, neno ni hilo.

Na wema ukaanza. Akitaka kuinuka, "Mzee, usiinuke." Akishika jembe, "Baba, umri huo bado jembe?" Jirani akampalilia kahawa. Mwingine akamchotea maji. Chai ikawa inamfuata alipo. Hakukuwa na mtu hata mmoja mwenye ubaya naye, na hilo ndilo lililokuwa baya, kwa sababu hakuwa na wa kumkasirikia. Mwezi wa kwanza baada ya kurudi alinenepa. Mwezi wa tatu miguu ikaanza kuvimba. Kufika Krismasi alikuwa hakohoi, haulizi, haongei. Anatazama kenchi za paa na kuzihesabu, akifika mwisho anaanza upya. Siku moja akamwuliza Ikupa kama ile sanda aliyonunua miaka ya nyuma bado ipo kwenye sanduku, au panya wameitoboa.

Ikupa alijibu ipo, akatoka nje, akakaa nyuma ya jiko. Alihisi uchungu uliochanganyika na hasira. Yeye ndiye aliyeuvuka mpaka akamtoa mzee mautini. Je, alimtoa ili aje kumwangalia anakufa tena, safari hii polepole, na kikombe cha chai mkononi? Lakini alijua pia kwamba hakuna mtu atakayekubali mzee aachwe afanye kazi. Wangesema anamtesa. Mwanamke wa Kinyakyusa anaweza kuvumilia njaa na kipigo, ila kuitwa mtu asiye na adabu kwa mkwe, hilo ni gumu. Alilifikiria siku tatu. Siku ya nne akatupa jina lake jema jalalani.

"Taata," akasema asubuhi, ameinamisha kichwa. "Chumvi imekwisha."

Mzee akaacha kuhesabu kenchi. "Mtume mtoto."

"Watoto wako shule."

"Basi ngoja warudi."

"Siwezi kupika bila chumvi, Taata. Naomba uende dukani."

Mzee alimtazama kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyeanza kusema. Kisha uso ukamjaa damu. "Mimi? Unatuma mimi?" Akainuka ili amgombeze vizuri, kwa maana mtu hagombezi akiwa amelala, na alipokwisha kuinuka akagundua amesimama. Akachukua fimbo, akachukua senti, akatoka bila kuaga.

Mpaka dukani ni maili mbili, na zamani alikuwa anazitembea huku anavuta kiko. Siku hiyo alipumzika mara saba. Alirudi saa tisa, vumbi mpaka magotini, anatukana kwa Kinyakyusa cha zamani ambacho hata Ikupa hakukielewa chote. Akaitupa chumvi mezani. Akala ugali, akaongeza, akaongeza tena. Ikupa alikuwa jikoni amejiziba mdomo kwa kanga, anacheka na kulia kwa pamoja.

Kesho yake ilikuwa vitunguu. Kesho kutwa akapeleka debe la mahindi mashine. Halafu akaambiwa akaone kama nyanya zimefika sokoni, akirudi akaambiwa hajaangalia vizuri. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuwa mgeni wa miezi mitano, na jembe lilikuja kwa mkupuo. Wiki ya tatu hivi, Ikupa akiwa mtoni, mzee alifungua kabati kutafuta kiberiti. Akaona kopo la chumvi, kubwa, limejaa mpaka juu, na juu yake vile vifurushi vyote alivyovinunua, havijafunguliwa. Kisha akarudisha mlango wa kabati taratibu. Hakumwambia mtu. Siku iliyofuata aliamka kabla ya jogoo, akavaa koti, akakaa mlangoni akisubiri kutumwa, na Ikupa alipochelewa akauliza kwa ukali kama nyumba hii leo haihitaji kitu chochote.

Kijiji nacho kikasema. Kisimani wanawake walimkalia Ikupa kimya, kile kimya cha kumwachia mtu nafasi kubwa kuliko anayoihitaji. Waliwaimbia watoto wake nyimbo za kejeli. Jailos alimwonya mara mbili, mara ya pili mbele ya watu. Ikupa angeweza kusema neno moja akajiokoa, lakini neno hilo lingefika kwa mzee: kwamba anatembezwa kama mgonjwa. Angerudi kitini kwa aibu. Kwa hiyo alimjibu Jailos, "Ndiyo, mzee," na asubuhi yake akamtuma mkwe wake Mbeya mjini kununua sindano ya cherehani, na cherehani hana.

Jailos akaandika barua Iringa.

Na Ikupa, ambaye hakujua habari za barua, akawaza safari kubwa kuliko zote. Ezekia hakuwa ameandika kwa miezi mitatu. Mei ya hamsini na tano alijaza kikapu magimbi na ndizi, akakiweka miguuni pa mzee, akamwambia apande basi akamwone mwanawe.

"Iringa," akasema mzee. Alilitamka jina hilo polepole. "Mimi nilikwenda Iringa kwa mguu."

Ilikuwa kweli. Mwaka wa kumi na sita, Waingereza walipowafukuza Wajerumani, Asukile alichukuliwa pagazi kutoka Tukuyu akiwa mwanamume wa mabega mapana, akabeba magunia ya unga na masanduku ya risasi mpaka Iringa, siku kumi na tisa. Njiani alipewa mwenzi, Mhehe mmoja kijana aitwaye Marcelino, na blanketi moja la kulalia wawili. Wengi hawakufika. Wao wawili walifika, kisha wakarudishwa na mzigo mwingine.

Basi lilipita tambarare za Usangu asubuhi, likaacha njia ya Rujewa upande wa kushoto, likaanza kupanda. Mzee alikaa dirishani na kikapu mapajani, na kadiri vilima vilivyopita ndivyo miaka ilivyorudi. Kijito kile, hapo walikunywa maji yenye samadi wakayaona matamu. Mti ule haupo, lakini palikuwa na mti, na chini yake walimzika Kasian, aliyekuwa akiwachekesha. Siku nzima ya mateso ya wakati ule basi liliimaliza kabla abiria hajamenya ndizi. Alilia kidogo. Mwanamke aliyekaa naye akamwuliza kama anaumwa. "Hapana, mama," akajibu. "Naona vijana wa zamani." Na ni kweli aliwaona, na katika wale wote aliyemtamani zaidi alikuwa yeye mwenyewe, na ile shingo yake isiyochoka.

Kihesa, mtaa wa Iringa alikokaa Ezekia, alifika jioni. Ezekia hakumpokea kwa furaha. Barua ya Jailos ilikuwa mfukoni mwake wiki nzima, inamchoma, na sasa anamwona baba yake, mzee wa miaka sabini na zaidi, anashuka kwenye basi peke yake na kikapu cha magimbi kichwani.

"Nani amekutuma, baba?"

"Mkeo."

Ezekia alikunja uso, akapokea kikapu. Usiku huo aliomba likizo moyoni, na asubuhi akaiomba kwa bwana wake. Angempeleka baba nyumbani, angemaliza mambo na huyo mwanamke, kisha angerudi na baba Kihesa, ambako angekaa kwa raha bila kutumwa na mtu.

Wakati Ezekia yuko kazini, mzee aliulizauliza mpaka akamwona Marcelino. Hakuwa mbali na kanisa la Katoliki. Nyumba nzuri, ya tofali za kuchoma, na binti yake, Verediana, mama mnene mwenye uso wa huruma, akamkaribisha kwa Kamwene, salamu ya Kihehe, na kumpa kigoda. Marcelino alikuwa kwenye kiti chenye mito minne. Miguu yake ilikuwa imefungwa sweta. Alimtazama Asukile bila kumjua.

"Hajui watu sasa," Verediana akasema kwa upole. "Lakini hatumsumbui na kitu. Hata kijiko tunamshikia."

Mapagazi walikuwa na namba, zimegongwa kwenye kipande cha bati shingoni. Asukile akainama karibu na sikio la rafiki yake. "Sitini na mbili," akasema.

Midomo ya Marcelino ikachezacheza. "Sitini na tatu," akajibu. Akashika mikono ya kiti, akaanza kujivuta ainuke, mishipa ikamtoka shingoni. "Mzigo wangu uko wapi?"

"Baba! Utaanguka!" Verediana akamwahi, akamrudisha taratibu kwenye mito, akamfunika. "Kaa, baba. Kazi imekwisha. Kaa tu." Na mzee akakaa, macho yakazimika tena, akawa si namba yoyote.

Asukile hakumlaumu yule mama. Mapenzi yake yalionekana wazi. Lakini alipotoka nje alitembea haraka, haraka kuliko fimbo ilivyotaka, mpaka kilima cha pili, na moyo ulikuwa unamdunda kwa woga ambao hakuupata hata vitani.

Jumapili iliyofuata, uwanja wa Ezekia kule Mbalizi ulijaa. Jailos alikuja na wazee wawili wa kanisa, majirani wakaja kwa sababu ni majirani. Ikupa aliketi chini kwenye mkeka, peke yake. Mtoto mdogo alikuwa mapajani amelala. Jailos akasoma mashtaka kwa sauti ile nene: chumvi, vitunguu, mashine, sindano, na sasa Iringa. Mwanamke anamtumikisha baba mkwe kama pagazi. Ezekia akasimama. Alisema ameaibika. Alisema amekwisha kukata shauri: baba atarudi naye Kihesa, atapata chumba chake, mtumishi wa kumpikia, na hatashika tena hata ufagio. "Umefanya kazi ya kutosha, baba. Sasa pumzika."

Watu wakanong'ona kwamba huyo ndiye mwana. Ikupa hakuinua kichwa. Machozi yalikuwa yanadondokea nguo ya mtoto, na bado hakusema lile neno moja la kujiokoa.

Mzee Asukile alikuwa amesimama wakati wote huo, ingawa aliwekewa kiti.

"Jailos," akasema, "wewe ni mtu mzuri. Ezekia, wewe ni mtoto mzuri. Mmenipa kiti, mmenipa blanketi, chai. Nimekaa hapo nasubiri kufa na nyinyi wote mnasema, mzee anapumzika. Mimi naogopa kifo? Siogopi. Naogopa kuwa mzigo ya watu hata kabla ya kufa." Akamnyooshea Ikupa fimbo. "Huyu binti anajua sheria ya mkwe kupita nyinyi wote. Ameivunja mara mbili. Mara ya kwanza, ili nisife. Mara ya pili, ili niishi. Mmemtukana mwaka nzima na yeye amenyamaza, kwa sababu mimi nisijue kwamba natembezwa. Mimi najua siku nyingi. Na mimi nimenyamaza, kwa sababu nilikuwa napenda kutumwa. Hapo nimekosa, binti yangu. Nilikuacha ukasemwa na watu." Alishusha fimbo. "Nyinyi mnanihurumia. Yeye ananiheshimu."

Jailos alifunga daftari lake la kanisa, akalifungua, akalifunga tena. Mama mmoja wa kisimani akaenda akakaa kwenye mkeka karibu na Ikupa, akampokea mtoto.

Ezekia alibaki ameinamia viatu vyake. Alikuwa fundi, mtu wa vyuma, na vyuma havikumfundisha kuomba msamaha. Alimtazama mkewe. Akamtazama baba yake, aliyesimama wima katikati ya uwanja kama mtu anayengoja kuitwa.

"Baba," akasema mwishowe. "Likizo yangu imekwisha. Kesho narudi Iringa, peke yangu. Basi linapita saa kumi na mbili asubuhi. Nina sanduku la vyuma vya kazi. Naomba unibebee mpaka barabarani."

Wazee wa kanisa wakaguna. Mwana kumbebesha baba! Lakini mzee alikuwa amekwisha kuvua koti, anazungusha mabega kuyajaribu.

"Ni zito?" akauliza.

"Zito sana, baba."

"Ndaga," akasema mzee. Asante.